Barua Iliyolala Siku Tisa

Basi la wageni liliingia getini saa nane mchana. Yule karani wa masjala, ambaye asubuhi alikuwa amejiapiza kwamba hatachungulia dirishani, alichungulia.

Walishuka mmoja mmoja, vijana warefu wenye mabegi mgongoni, wakijinyoosha viungo baada ya safari ndefu. Alihesabu kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alichelewa kidogo. Aliinama mlangoni asije akagonga kichwa, akakanyaga chini, akasimama. Alilitazama jengo la ukumbi wa michezo alimocheza miaka miwili, kisha akavuta kofia ya fulana yake kichwani na kuwafuata wenzake bila kugeuka upande wa masjala hata mara moja.

Miezi kumi na mmoja ilikuwa imepita. Mashavu yalikuwa yamemwisha. Mwendo ulikuwa uleule, wa mtu anayeogopa kugonga taa za watu.

Chuoni walimwita Ngazi, na jina hilo alikuwa amepewa na huyu karani mwenyewe. Lilizaliwa siku taa ya masjala ilipoungua. Karani alikuwa ameshika simu ampigie fundi wa umeme, na kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa dirishani akisubiri kitambulisho kipya. Yule kijana aliomba ruhusa, akaingia, akanyoosha mkono, akaifungua ile taa bila kupanda kiti. Karani alicheka, akamwambia hakujua kwamba chuo kimeajiri ngazi. Kufikia Ijumaa timu nzima ya mpira wa kikapu ilikuwa ikimwita hivyo. Yeye naye alilipiza. Alimwita Bi Muhuri.

Muhula ule alipoteza kitambulisho mara tatu. Ilipofika mara ya tatu karani alimtazama usoni kwa muda, akamwambia kwamba akitaka kuja kumsalimu anaweza kuja tu, asiwatie hasara wachapaji. Wakaanza hivyo. Alikuja saa kumi baada ya vipindi, akaegemea dirisha mpaka muda wa mazoezi. Walizungumza mambo madogomadogo: kiatu kilichombana, mhadhiri aliyelala katikati ya somo lake mwenyewe, ndoto yake ya kusomea upimaji wa ardhi wakati chuo kilikuwa kimempa biashara kwa sababu ndiyo nafasi iliyokuwapo. Walikuwa wamepishana mwaka mmoja tu, yeye ishirini na tatu, karani ishirini na nne, ila mmoja alikuwa mwanafunzi na mwingine mtumishi. Jambo hilo halikumpita mtu yeyote.

Halikumpita mama yake karani. Aliwaona siku moja wametoka dukani pamoja, na jioni alisema bila kupaza sauti kwamba yule kijana ana njia yake, akimaliza masomo atakwenda zake, na binti atabaki na maneno ya watu. Kaka yake lilimkaa kooni zaidi, kwa sababu kaka yake ndiye aliyekuwa kocha wa timu.

Kocha alikuwa amempata Ngazi mtaani, kabla ya chuo, kijana akiwa na miaka kumi na saba, kijana wa mifupa mitupu asiyejua aweke wapi mikono yake. Alimfundisha kusimama chini ya kikapu, kupokea mpira mgongo ukiwa umemgeukia adui, kupumua kabla ya mtupo huru. Alimpenda kama baba anavyompenda mtoto wa kiume, ingawa hakuwahi kulisema hilo kwa mtu. Kuhusu dada yake alisema mara moja tu, wakiwa mezani, "Huyo ni mchezaji wangu. Usimvuruge akili." Karani alijibu kwamba hakuna lolote. Kwa hesabu ya wakati ule hakuwa amedanganya sana. Hakuna aliyekuwa amemshika mwenzake hata mkono.

Ndipo kilipokuja kile chuo kingine. Kilikuwa na upimaji wa ardhi, kilikuwa na nafasi katika timu, na kilimtaka.

Ngazi alimwambia kwenye benchi la nyuma ya maktaba, akigeuzageuza barua ya mwaliko vidoleni. Alieleza yote, akamaliza kwa kumuuliza, "Unasemaje?"

Karani alikuwa na kiburi kidogo, na woga mwingi. Kiburi kilimwambia asilie mbele ya mtu ambaye hajawahi kumtamkia mapenzi, na woga ukamwambia asimzuie mtoto wa watu kwenye riziki yake.

"Hongera," akasema.

Ngazi aliendelea kumtazama. Karani akamuuliza anaondoka lini.

Kilichofuata ndicho kilichomfanya asilale vizuri miezi yote ile. Kwa kanuni za mashindano ya vyuo, mchezaji anayehama lazima barua ya ruhusa kutoka chuo chake cha zamani iifikie ofisi ya mashindano kabla ya mwisho wa mwezi. Ikichelewa, anakaa nje mzunguko mzima wa kwanza. Ngazi alikuwa ameshaondoka barua yake ilipotua kwenye trei ya karani. Ilikuwa imeshatiwa saini. Ilihitaji muhuri tu na kuingizwa katika mfuko wa posta.

Saa kumi na moja jioni kaka yake aliingia ofisini, akafunga mlango nyuma yake.

"Sikuambii uichane," alisema. "Nakuambia usiwe na haraka nayo."

Kocha aliamini kwamba barua ikichelewa wale watu watakata tamaa, na kijana atarudi. Alisema wengine wawili nao wameanza kunong'ona habari za kuhama, na kwamba Ngazi akirudi nao watatulia. Alisema mengi kuhusu timu. Karani hakusikiliza hata nusu yake. Yeye alisikia neno moja tu, kurudi, akalishika.

Aliiweka ile barua chini ya boksi la majalada. Ilikaa siku tisa. Kila asubuhi aliinua boksi, akaiona, akalirudisha. Siku ya kumi aliigonga muhuri, akaituma. Ilifika siku mbili baada ya muda.

Wale watu hawakukata tamaa, na Ngazi hakurudi. Alikaa kwenye benchi miezi minne akiwa amevaa suruali na shati, akiwapigia wenzake makofi. Wale wawili waliokuwa wakinong'ona nao wakaenda zao, mmoja huku na mwingine kule, na kocha akajaza nafasi zao na vijana wa mwaka wa kwanza ambao walikuwa bado wanauliza choo kiko wapi.

Ujumbe wa Ngazi ulimfikia karani akiwa mezani pake: "Barua yangu imechelewa, sijui imelala wapi. Unaweza kuniangalizia?" Akajibu, "Nitaangalia." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake la mwisho. Baada ya hapo aliandikiwa mara nyingi, na kila mara alisoma, akaandika maneno mawili, akayafuta. Angeandika nini? Habari za hali ya hewa? Ujumbe ulikuja kila siku, kisha kila wiki, kisha ukakoma. Nyumbani yeye na kaka yake walipishana ukumbini kama wapangaji. Mama yao alidhani wamegombania funguo.

*

Meza ya waamuzi ilikuwa katikati ya uwanja, ubavuni, na karani ndiye aliyekalia kiti cha mtunza alama. Alikuwa amejifunza kazi hiyo akiwa na miaka kumi na miwili, ameketi kando ya kaka yake kwenye viwanja vya vumbi, na chuo kizima kilijua kwamba hakuna mwenye karatasi safi kama yake. Aliomba udhuru kwa nusu fainali hii. Ofisi ya michezo ilimjibu kwamba wageni wenyewe hawana pingamizi na undugu wake na kocha, basi yeye ana pingamizi gani? Hakuwa na jibu linaloweza kusemwa ofisini.

Ukumbi ulijaa. Ngazi alipotoka chumba cha kuvalia na jezi namba nane ya rangi ngeni, sehemu ya mashabiki ilizomea, na mtu mmoja nyuma akapaza sauti akimwita msaliti. Yeye alivuka uwanja moja kwa moja kwenda kwa kijana aliyekuwa akilala naye chumba kimoja miaka miwili, akamnyooshea mkono. Yule kijana aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu. Karani aliona kwamba ilikuwa imeshafungwa. Ngazi alingoja kidogo, kisha akaurudisha mkono, akajifutia jezi kama kwamba ndicho alichokuwa ameunyooshea.

Hakuanza mchezo. Dakika ya tano kocha wa wageni alimwita, na kwa kanuni mchezaji anayeingia huja kwanza kwenye meza. Karani alikuwa ameinamia karatasi. Aliona kwanza viatu, kisha goti lenye bandeji.

"Nane," ilisema ile sauti.

"Nane," alijibu, akaandika.

Hayo ndiyo maneno waliyoambiana baada ya miezi kumi na mmoja. Kipenga kililia, naye akaingia.

Alicheza vizuri. Vijana wa mwaka wa kwanza walimrukia wawiliwawili, na yeye aliwageukia taratibu, mabega yakifanya vilevile kocha alivyoyafundisha. Karani alimwandikia pointi mbili, kisha mbili, kisha moja. Kila mpira ulipoingia, mkono wa karani ulikuwa thabiti, na mahali pengine ndani yake palikuwa pakiuma. Mara moja, mpira ulipokuwa umetoka nje, Ngazi aligeuka upande wa meza. Macho yao yalikutana kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Hayakuwa na hasira. Angeona hasira angeshukuru, maana hasira ni ya mtu ambaye bado anakudai kitu. Yalikuwa macho ya mtu anayepita mbele ya nyumba aliyowahi kupanga.

Wakati wa mapumziko kaka yake alikuja mezani, akainama kama kocha yeyote anayekagua karatasi. Mtunza muda, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa amekwenda kunywa maji.

"Ile faulo ya robo ya pili, uliyompa namba sita wao," kocha alisema kwa sauti ya chini. "Mimi niliona ni ya namba nane."

"Mwamuzi alionyesha sita."

"Mwamuzi alikuwa amezibwa na watu. Kalamu unayo wewe." Alimgusa begani, jinsi alivyokuwa akimgusa alipokuwa mdogo. "Nina vijana watoto pale, mdogo wangu. Wakishindwa leo, mwakani sitabakiwa na hata mmoja. Wote watahama."

Akaondoka. Karani aliiweka kalamu chini. Aliijua sauti ile. Ilikuwa ileile iliyofunga mlango wa masjala.

Robo ya nne ilikuwa vuta nikuvute. Zilibaki dakika tatu, wenyeji wakiongoza kwa pointi moja, Ngazi aliporuka kumzuia yule mwenzake wa chumba, mikono ikagongana, kipenga kikalia. Mwamuzi alionyesha namba nane. Karani aliandika. Ilikuwa faulo yake ya nne.

Kocha alikuwa ameshafika kwenye meza. Alimwambia mwamuzi kwamba ni ya tano, kwamba moja iliandikwa kimakosa kwa namba sita, na kwamba mchezaji huyo anapaswa kutoka. Ukumbi ulianza kuhesabu kwa sauti, moja mpaka tano, ukirudia. Mwamuzi alifuta jasho, akamgeukia karani.

"Namba nane ana ngapi?"

Karani aliinua kichwa. Kaka yake alisimama mbele yake, shingo imemtoka mishipa, na nyuma ya kaka yake, hatua chache, alisimama Ngazi mikono kiunoni. Hakuwa akibishana. Alikuwa ameshaanza kusogea upande wa benchi, pole pole, kama mtu aliyezoea kuambiwa akakae. Kule kusogea ndiko kulikomkata karani maini.

"Nne," akasema.

"Angalia vizuri," alisema kocha.

"Nimeangalia, kaka. Ni nne."

Meza nzima ilisikia lile neno kaka. Mwamuzi alikubali, akaurudisha mpira mchezoni. Ngazi alisimama pale alipokuwa kwa sekunde mbili zaidi akimtazama karani, hajaelewa, kisha akarudi uwanjani.

Wageni walishinda kwa pointi tatu. Mbili kati ya hizo zilikuwa za Ngazi.

*

Kocha alitia saini karatasi bila kumtazama dada yake, akakandamiza kalamu mpaka ikatoboa. Karani aligawa nakala, akafunga sanduku la meza, akatoka kwa mlango wa nyuma ili asipite katikati ya watu. Jua lilikuwa bado lipo. Nyuma ya ukumbi, karibu na bomba la maji, Ngazi alikuwa amekaa peke yake juu ya tofali ameweka mfuko wa barafu gotini. Wenzake walikuwa wakiimba ndani ya basi.

Hapakuwa na njia nyingine ya kupita.

"Asante," alisema Ngazi. "Wangenitoa."

"Zilikuwa nne."

"Najua. Sikujua kama ungesema."

Karani alibaki amesimama, mkoba kifuani. Alimuuliza goti linamuumaje, akajibiwa ni la kawaida tu. Alimuuliza upimaji wa ardhi ukoje. Ngazi alisema ni mzuri, wanashinda juani na vyombo vyao, jioni miguu inawaka moto. Wakaishiwa. Walikuwa watu ambao zamani walitumia saa nzima kuzungumzia kiatu.

"Nilikukosea nini?" Ngazi aliuliza. Aliuliza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kufokewa. "Niliandika sana. Nikasema labda simu imeharibika. Nikasema labda mama yako kakukataza. Mwisho nikasema labda nilijidanganya tu tangu mwanzo, wewe ulikuwa unanihudumia dirishani kama mwanafunzi yeyote."

"Hukunikosea." Alivuta pumzi. "Barua yako, ile iliyochelewa. Posta hawakuwa na kosa. Ililala kwangu siku tisa, chini ya boksi la majalada."

Ngazi aliondoa barafu gotini, akaiweka chini kwa uangalifu, kana kwamba ingevunjika.

"Kaka yako alikuamuru."

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kutokea, na karani aliuona. Ilikuwa kuitikia kwa kichwa tu.

"Aliniomba," akasema. "Angeniomba jambo jingine ningekataa. Hili nilikubali kwa sababu yangu mimi. Nilitaka urudi."

Ngazi alizungumza bila kumtazama. Alimweleza kuhusu ile miezi minne. Chumba chake kilikuwa na vitanda viwili, na mwenzake aliyepangiwa hakuja kamwe, kwa hiyo kile kitanda cha pili kilibaki na godoro tupu, naye akawa anaweka nguo zake juu yake ili pasionekane patupu sana. Mazoezini alicheza na wenzake, ila siku za mechi alikaa pembeni na shati lake, na watu walimuuliza kama anaumwa. Wazazi wake walidhani amefukuzwa. Hakuwa na mazoea na mtu yeyote kule. Akirudi chumbani alikuwa na kazi moja tu ya kumpa faraja, nayo ilikuwa kumwandikia yeye.

"Nilikuwa nakueleza wewe habari za barua," alisema. "Kumbe wewe ndiye ulikuwa nayo."

"Niliona aibu."

"Ungeniambia tu nibaki. Kabla ya yote hayo."

Karani alisogea hatua moja. "Ungebaki?"

"Pale kwenye benchi nilikuuliza unasemaje, ukaniambia hongera. Nilidhani hujamaliza kusema. Nilikaa nikingoja. Ukaniuliza naondoka lini."

"Ungebaki?"

Sasa alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwenye kona, labda kwa jasho.

"Ningebaki," alisema.

Dereva alipiga honi. Mtu alimwita Ngazi kutoka kwenye basi, akasema wanamsubiri yeye tu, kesho kuna fainali, watu wakapumzike. Aliinuka akiuegemea ukuta, akalijaribu goti lake. Alipopita karibu naye alisimama. Karani alidhani atamgusa. Alinusa sabuni ileile aliyokuwa akiijua.

"Barua nadhani nitakusamehe," Ngazi alisema. "Ulikuwa na kaka yako, ulikuwa na mambo yako. Ila ule ukimya sijui. Kweli sijui, Bi Muhuri. Usinisubirie jibu."

Akaenda, akichechemea kidogo. Basi liligeuza, likatoka getini. Karani alisimama pale hadi mfuko wa barafu uliosahaulika chini ulipoanza kutiririsha maji kuelekea kwenye viatu vyake. Ndipo akaondoka.

*

Nyumbani mama alikuwa jikoni akiosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Alimwambia kwamba kaka yake amerudi, hajasema neno wala hajala, amekwenda kukaa kule nyuma. "Baina yenu kuna nini?" aliuliza. "Mwaka mzima sasa nalisha mabubu." Karani alimwambia atamweleza, si leo. Mama alimtazama usoni, akaona alichokiona, akamwachia njia.

Kocha alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani, bado na nguo za mazoezi, viatu amevivua. Karani alikaa upande mwingine wa kizingiti kilekile. Baina yao nafasi ya mtu mmoja ilibaki wazi. Kwa jirani mtu alikuwa akianua nguo. Aliendelea mpaka kamba ikabaki tupu.

"Umenitia aibu mbele ya watu," kaka alisema.

"Ndiyo."

"Zilikuwa nne?"

"Nne."

Alitikisa kichwa, kukubali. "Nilijua," alisema. "Hata nilipokuwa nasimama pale nilijua." Akasugua uso kwa viganja vyote viwili. Karani aliona mvi kwenye kidevu chake ambazo mwaka jana hazikuwapo. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

"Nimemwambia habari za barua," karani akasema.

Kaka alishtuka, akamgeukia. "Umemwambia ni mimi?"

"Nimemwambia ni mimi niliyeilaza."

Hilo lilimkaa vibaya kuliko lawama. Akauliza kijana alisemaje, na alipouliza hakumwita Ngazi. Alimwita mtoto, kama zamani.

"Alisema angebaki. Kama ningemwomba."

Giza lilikuwa linaingia, na ndani mama aliwasha taa, mwanga ukapita baina yao. Karani alidhani mazungumzo yamekwisha, akaanza kujikusanya ainuke, ndipo kaka yake aliposema, taratibu, kana kwamba anajisomea kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo:

"Siku ya mwisho alikuja ofisini kwangu. Amebeba begi. Alisimama mlangoni, hasemi kitu, kama robo saa hivi. Mimi nilikuwa naandika ratiba. Nilikuwa na hasira naye, hata kichwa sikuinua." Alisita. "Nilimwambia kama haingii afunge mlango, upepo unapeperusha karatasi zangu."

"Akafunga?"

"Akafunga. Nikajua amekuja kuaga tu." Aliokota kiatu kimoja, akakirudisha chini. "Mtu anayekuja kuaga anasimama robo saa?"

Karani alitaka kumsogelea, kuijaza ile nafasi ya mtu mmoja, lakini hakujua kama bado ana haki hiyo, na kaka yake naye alikuwa ameyakaza macho kwenye ile kamba tupu ya jirani. Ndani mama aliwaita chakula. Akawaita tena. Kaka mtu aliitikia kwamba wanakuja, na wote wawili wakabaki wamekaa.